Kiwanja cha Wageni

Haya alinihadithia Somoe mwenyewe, mwaka ule sukari ilipoadimika, alipovuka mpaka kuja kwenye harusi ya mpwa wake. Asubuhi tulikuwa uani tunachambua mchele, kila mwanamke na ungo wake mapajani, na yeye ndiye aliyekuwa akichekwa, na ndiye aliyekuwa akicheka kuliko sote. Nchi yake sitaitaja. Si kwamba naficha. Ile nchi hubadilishwa jina kila sherehe kubwa, na sijui hivi sasa wako kwenye lipi. Na wewe unayesoma, tafadhali usije ukailinganisha na ya kwetu. Kwetu mambo kama hayo hayapo. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini hilo nalijua vizuri, maana linatangazwa kila siku.

Somoe binti Pazi, basi, alikuwa mwanamke ambaye kitu hakiharibiki mikononi mwake. Wengine husifiwa kwa sura, wengine kwa pilau. Yeye mtaa mzima ulimsifu kwa bilauri. Bilauri zake za harusi zilikuwa bado zote nzima, zimepangwa kabatini mdomo chini, na familia ilikunywa maji kwa kikombe cha bati. (Msimcheke. Nami ninalo kabati.)

Lakini fahari yake hasa ilikuwa kochi. Mumewe, Kondo, alilinunua kwa ajili ya harusi, likaja limevalishwa nailoni kutoka kwa fundi, na nailoni ile haikutoka. Juu ya nailoni Somoe akatandika vitambaa alivyofuma kwa mkono wake, na juu ya vitambaa akatandika vitambaa vingine vya kuvilinda vile vya chini visichafuke. Watoto walizaliwa, wakakua, wakaoa na kuolewa wakaenda zao, na hapana hata mmoja aliyeijua rangi ya kochi la kwao isipokuwa kwa kusimuliwa.

Kondo alikuwa mkuu wa stesheni. Reli ilifika, stesheni ikajengwa, kengele ikatundikwa. Treni tu ndiyo iliyochelewa. Aliingoja mpaka akastaafu, akapewa cheti cha utumishi usio na ajali. Kwa hiyo kungoja alikujua. Hata hivyo, kila baada ya chakula cha mchana, akiwa amekaa kwenye kigoda chake katikati ya sebule yake mwenyewe, aliuliza:

"Mama Siwema, kochi hili tutalikalia lini?"

"Akija mgeni wa maana."

"Na mimi?"

"Wewe ni mgeni?"

"Kwa hiki kigoda, naanza kushuku."

Siku moja mgeni wa maana akaja.

Alikuwa Mtukufu Mlezi wa Taifa mwenyewe. Alikuwa anapita kukagua mtaro, mvua ikamkuta, na nyumba iliyokuwa karibu ilikuwa ya Somoe. Akaingia na Waziri wa Michezo na Mapambo, Mheshimiwa Daktari Kalumbete, ambaye udaktari wake ulikuwa wa heshima na heshima yake ilikuwa ya udaktari. Mtukufu akakaa kochini. Nailoni ikalia kwii. Joto likapanda, jasho likamtoka, na alipotaka kujisogeza, suruali ilikataa kumfuata.

"Kochi hili lina umri gani?" akauliza.

"Tangu harusi yetu, Mtukufu," Somoe akajibu, amepiga goti.

"Na harusi ilikuwa lini?"

"Wajukuu zetu wanaota ndevu, Mtukufu."

Mtukufu akageuka polepole, kwa sauti ya nailoni. "Kalumbete. Ile barabara niliyoizindua mwaka jana iko wapi?"

"Imekwenda na maji, Mtukufu."

"Na daraja?"

"Lilifuata barabara, Mtukufu."

"Na huyu mama ana kochi."

Akawaza kitaifa. Kisha palepale, bado amegandana na kochi, akamteua Somoe binti Pazi kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Matunzo ya Viwanja vya Taifa. Walinzi wawili wakamshika mikono wakambandua, wakaondoka naye.

Kondo akaufunga mlango. Akarudi. Akasimama mbele ya kochi kama mtu anayekaribia kumposa mke.

"Haya, mama Siwema. Mkuu wa nchi ndiye huyo kaja. Sasa nailoni inatoka?"

"Huyu kaja bila taarifa," akasema Somoe, na kuanza kulifuta lile kochi jasho la taifa.

Sasa, viwanja vya taifa vilikuwa kimoja. Nacho kilijengwa kwa sababu nchi jirani walikuwa wamejenga chao. Kilikuwa kiwanja cha tenisi, cha wazi, sakafu ngumu ya rangi ya kijani na mistari myeupe, na ndani ya mistari hiyo pana mistari mingine ya pikoboli, mchezo mpya ambao watu wazima hupigiana mpira wa plastiki wenye matundu, kwa vibao vifupi kama miko ya kusongea ugali. Kiongozi wa jirani, Jenerali mmoja mnene mwenye tabasamu, alikuwa bingwa wa mchezo huo nchini kwake, kwa kuwa nchini kwake hakuna aliyewahi kumfunga. Ikapangwa siku ya Mchezo wa Ujirani Mwema: Jenerali atakuja, Mtukufu atampokea, watacheza wao wenyewe mbele ya watu.

Fundi aliyekijenga kiwanja, alipokikabidhi, alisema maneno manne tu: fagieni, osheni, kausheni, chezeni. Hotuba ile ilionekana fupi mno kuwa ya kweli, ikapuuzwa.

Ukaja uzinduzi. Kwao kitu hakizinduliwi mara moja kikaisha. Huo ni umaskini. Neti ilizinduliwa peke yake, nguzo zikazinduliwa peke yake, na siku ya tatu likazinduliwa fagio. Daktari Kalumbete alilinyanyua juu, akavua miwani.

"Ndugu wananchi! Fagio hili si fagio tu. Fagio hili ni dira! Tukilitazama, tunaona tulikotoka. Tukiligeuza, tunaona tuendako. Na tukiliweka chini," akaliweka chini, "tunaona tulipo!"

Watu wakapiga makofi kwa nguvu, hasa waliokuwa juani, wakidhani amemaliza.

Baada ya hotuba ndipo Mtukufu alipomwita Somoe pembeni. Akamwambia kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa ukiogopwa.

"Bi Somoe. Siku ya mchezo nataka kiwanja hiki kiwe kama kilivyo leo. Nikikuta mkwaruzo mmoja, jina lako nitahakikisha linasomwa redioni."

Lazima nieleze. Kwao mtu akiharibu kazi hafungwi. Jina lake husomwa redioni, saa ya mchana, watu wote wakiwa wanakula, pamoja na kitu alichokiharibu. Wako watu waliohama mikoa. Yuko mmoja, wasema, alijiandikisha upya kwa jina la mkewe. Na Somoe, aliyeishi maisha yake yote bila bilauri kupasuka, aliporudi nyumbani alizihesabu zote upya. Kifo hakukiogopa sana, kifo humfika kila mtu. Aliogopa watu waache kijiko hewani, waseme: kumbe Somoe naye huharibu vitu.

Basi alifanya alichokuwa anakijua.

Kwanza, viatu mlangoni. Akaweka jamvi nje ya geti, na kila aingiaye, awe mfagiaji awe waziri, alivua. Ikatungwa Sheria ya Kutokanyaga, na Bunge likaipitisha likiwa limevua viatu kwa mshikamano. Pili, akasimamisha kibao kikubwa: KIWANJA CHA MICHEZO. KUCHEZA NI MARUFUKU. Timu ya taifa ikawa inafanya mazoezi nje ya uzio, imekaa kwenye benchi, ikigeuza shingo kulia na kushoto kwa pamoja. Shingo zao zilikuwa imara ajabu.

Palikuwa na mwarobaini karibu na uzio, ukadondosha majani ndani. Ukapewa onyo. Ukadondosha tena. Ukapewa uhamisho kwenda wilaya ya mbali, na kama watumishi wengi wanaohamishiwa huko, haukuripoti.

Bado Somoe hakulala vizuri. Vumbi je? Jua je, si litaipausha rangi? Ndipo akili ikamjia, akiwa ametulia anamtazama mumewe juu ya kigoda na kochi nyuma yake.

"Kiwanja kipo uchi," akasema.

"Nani?"

"Kiwanja, baba Siwema. Kitu kipya kinakaaje uchi?"

Amri ikatoka. Kila mama wa nchi ile afume kitambaa cha uzi mweupe, chenye maua, akilete. Kazi zilisimama. Maofisini makarani walifuma. Hospitalini wauguzi walifuma. Daktari Kalumbete, asiyeijua sindano ya kufumia, aliteua kamati ya kumfumia. Vitambaa vikaunganishwa pamoja kiwanjani, kikapatikana kitambaa kimoja kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kufumwa, chenye waridi pembeni na katikati maneno KARIBU MGENI. Kilikuwa pungufu kona moja, ikazibwa kwa pazia la Bunge. Ndege za abiria ziliinama kidogo zikipita juu, watu waone. Somoe alisimama langoni bila viatu, akakitazama, machozi yakamlenga.

"Kimependeza," Kondo akasema. "Kama mwali."

"Sasa niache nilale."

Akalala usingizi mtamu. Na mvua zikaanza.

Zilinyesha, zikanyesha, kitambaa kikanywa maji kikawa kizito kama mzigo wa dhambi. Somoe alikataza kisifunuliwe, kwa kuwa bila kitambaa mvua si ingekipiga kiwanja moja kwa moja? Mvua zilipokatika na siku ya mchezo ilipokuwa imekaribia, akainua pembe moja kuchungulia. Harufu ikamtangulia. Chini palikuwa pameota kuvu, nyeusi na kijani, nene kama ukoko, na katikati pamechipua kauyoga kadogo keupe, kamesimama wima kama kanamsubiri mgeni rasmi.

Kondo alikuwa nyuma yake, kabeba ndoo.

"Hongera, mama Siwema. Ndicho kitu cha kwanza cha serikali kuota."

"Usinichekeshe. Utanisikia redioni sasa hivi."

"Nikikusikia nitaongeza sauti. Si kila mtu mkewe anasomwa."

Alicheka, lakini akaweka ndoo chini akapiga magoti kando yake. Wakakung'uta kitambaa, wakakiviringisha. Wakasugua kwa brashi na sabuni, wao na wanawake wa mtaa, wakitoka jasho na kuimba, mpaka kuvu ikatoka yote. Lakini rangi ya kijani ilibaki imefifia kama kanga ya zamani. Na Somoe, kwa mara ya kwanza tangu apewe kiwanja, akapitisha kiganja juu ya sakafu ile.

Ilikuwa inakwaruza. Kama msasa.

"Mama yangu!" akapiga kelele. "Fundi gani huyu? Katia mchanga kwenye rangi, halafu hakulainisha! Tungemkaribisha mgeni kwenye sakafu ya namna hii?"

Hapo ndipo lilipofanyika lile kosa, na wote tuliokuwa na ungo mapajani tulikubaliana kwamba kila mmoja wetu angelifanya. Sakafu ikififia unaipaka nini? Unaipaka polishi nyekundu. Unaipaka kwa kitambaa, unangoja ishike, halafu unapiga magoti na brashi, unasugua mpaka uone meno yako.

Daktari Kalumbete alipoulizwa, alitafakari, akaafiki kwa sauti ya kitaalamu. "Nyekundu ndiyo yenyewe. Huko kwa wakubwa viwanja ni vyekundu. Nimeviona kwenye televisheni."

Kondo peke yake ndiye aliyekuwa na swali. "Mama Siwema, mguu utashika wapi?"

"Mguu ushike nini? Sebuleni kwetu mguu umewahi kukosa pa kushika?"

"Sebuleni kwetu hatujawahi kukimbia."

"Baba Siwema, nenda kasugue kona ile."

Polishi ya nchi nzima ikakusanywa. Madarasa yote yalibaki na vumbi, hospitali zilibaki kama zilivyokuwa, lakini kiwanja kiling'aa mpaka kunguru akitua anajipigia salamu mwenyewe. Mchanga wa rangi ukafukiwa. Mistari nayo ikazama, na timu ya taifa ikaelezwa kwamba mistari ipo, na raia mwema huiheshimu bila kuiona. Jioni ile Somoe alijitazama sakafuni, akaona uso wa mwanamke ambaye hatasomwa.

Siku ya mchezo ilikuwa Jumamosi, asubuhi, jua zuri. Watu walijaa kuzunguka uzio. Tarumbeta zikapigwa. Kando ya geti, kama ilivyo mbele ya kila jengo la serikali, kulikuwa na ndoo nyekundu za mchanga wa kuzimia moto, na hapo ndipo Somoe alipojiweka, amevaa gauni la hariri na viatu vya kisigino alivyokuwa hajawahi kuvivaa tangu vinunuliwe.

Jenerali akashuka garini, akaona jamvi.

"Tunavua?"

"Ni sheria yetu, ndugu yangu," akasema Mtukufu kwa fahari. "Sisi vitu vyetu tunavitunza."

Wakavua. Wakabaki na soksi. Za Jenerali zilikuwa za nailoni, za Mtukufu zilikuwa za hariri. Kondo naye, aliyepewa heshima ya kuokota mipira kwa kuwa alikuwa mume wa Mkurugenzi na soksi zake zilikuwa zimefuliwa, akasimama karibu na neti, amenyooka kama anasubiri treni.

Wote wawili waliingia kwa hatua fupifupi za kiprotokali, na kwa hatua hizo hakuna lililotokea. Jenerali akarusha mpira juu, akainua kibao, akapiga. Mpira ukaenda. Jenerali naye akaenda. Aliondoka mahali pake akiwa amesimama, uso umetulia, akapita mstari usioonekana, akakaa chini bila kuacha kuendelea, akapita chini ya neti na kutokea nchi ya pili. Mtukufu, alipoona mgeni anakuja kwa kasi ile, alifungua mikono kumpokea, kama desturi. Wakapokeana. Wakazunguka mara mbili wamekumbatiana, wakaenda kugota kwenye uzio wa nyuma, huko wakakaa.

Watu wakapiga makofi, maana wengi walikuwa hawajawahi kuuona mchezo huo, wakadhani ndivyo unavyochezwa. Mtangazaji wa redio akasema, "Wasikilizaji, sijawahi kuona ujirani wa karibu kiasi hiki!"

Viongozi wakajaribu kuinuka. Goti likateleza, kiwiko kikateleza, Mtukufu akimshika Jenerali, Jenerali akimshika Mtukufu, kila mmoja akimwangusha mwenzake kwa adabu. "Tangulia wewe." "Hapana, wewe ni mgeni." Walinzi wakakimbilia getini, wakasimama kwenye jamvi: Sheria ya Kutokanyaga. Wakainama wote kufungua kamba za buti, na zile buti zilikuwa na kamba mpaka magotini.

Ndipo Kondo, masikini, aliyekuwa ndani tayari, akaona ni wajibu wake. Akapiga hatua. Hatua ya pili haikuwepo. Alipaa, wote waliona nyayo zake, akaangukia kiuno kama gunia la chumvi. Na yeye hakujaribu kuinuka.

"Mama Siwema," akaita. Hakuita kwa nguvu. "Kiuno."

Somoe aliponisimulia hapa, alikuwa bado anacheka, lakini mkono wake ulikuwa umeacha kuchambua mchele.

Alisimama pale getini. Mbele yake kiwanja kinang'aa, hakina hata alama, kazi ya mikono yake. Jina lake lote lilikuwa limelala pale juu. Na katikati ya kile kioo mzee wake amelala chali, soksi moja imemvuka, anatazama mawinguni kwa uvumilivu uleule wa stesheni. Wakati wa kuvua visigino vile, vilivyokuwa vimembana kama koleo, haukuwepo.

Somoe akainyakua ndoo ya mchanga. Akaumwaga ndani, mkupuo mmoja mrefu kama mtu anayerushia kuku mtama. Watu wakasema "Haa!" Akanyakua ya pili. Akaingia.

Akaingia na viatu.

Ko, ko, ko, visigino juu ya mchanga juu ya polishi, na kila hatua ikaacha nyuma yake mkwaruzo mrefu mweupe unaoonekana hata kwa waliokaa mbali. Viongozi walipoanguka watu walikuwa wamepiga makofi. Sasa uwanja mzima ulishika mdomo. Somoe hakugeuka. Alirusha mchanga mbele, akakanyaga, akarusha, akakanyaga, mpaka akamfikia mumewe akamshika kwapani.

"Umeingia na viatu," Kondo akamwambia kwa mshangao.

"Nyamaza. Inuka."

Walinzi walipoona Mkurugenzi mwenyewe kavunja sheria, wakaacha kamba zao wakajitosa na buti, wakafuata njia ya mchanga. Wakawainua viongozi. Jenerali, aliposimama kwenye mchanga na mguu ukashika, akajaribu kuruka kidogo, kisha kidogo tena. Akacheka kicheko kikubwa.

"Ahaa! Sasa ndiyo panachezeka!"

Mtukufu hakucheka. Alikuwa ameinama, polishi nyekundu imempaka makalioni bendera kubwa ya duara, anatazama sakafu. Akanyoosha kidole.

"Nani," akauliza kwa upole, "aliyekwaruza?"

Kondo alibebwa nyumbani na vijana wa timu ya taifa, ambao walifurahi kupata pa kwenda. Tabibu alikwishamgusa huku na huku akasema mfupa haukuvunjika, ni msuli. Alale mahali laini. Vijana wakaingia naye sebuleni, wakaliona kochi. Wakamtazama Somoe. Wakageuka na mgonjwa wao kuelekea kwenye mkeka, maana mtaa mzima uliijua ile nyumba.

"Mlazeni kochini," akasema Somoe.

Hakuna aliyetikisika. Mmoja akadhani amesikia vibaya.

"Kochini, mama?"

"Subirini kidogo."

Akaondoa vitambaa vya juu, akaondoa vya chini. Akaleta kisu cha kukatia mboga. Nailoni ilikuwa imegeuka ya manjano, haikukatika, ilivunjika kama kaukau za viazi. Na chini yake, kochi la rangi ya maziwa, kochi ambalo hakuna mtoto wala mjukuu aliyelikalia, lilikuwa limeliwa na kuvu pembeni kote. Kitambaa kilichanika kwa kuguswa na kidole. Sponji ilikuwa imekuwa unga. Kwenye kona panya alikuwa amejenga, akalea, na kwa dalili zote alikwisha kuhama kwa kukosa hewa.

Somoe akabaki ameshika kisu.

"Limeoza, baba Siwema. Lote. Nimelitunza mpaka limeoza."

"Nilaze basi," akasema Kondo. "Naning'inia."

Wakamlaza. Alizama taratibu, vumbi la sponji likamzunguka, akazama mpaka akagota kwenye mbao. Akapapasa mkono wa kochi, akakunakuna kitambaa kwa ukucha. Akavuta pumzi.

"Nilidhani ni la bluu," akasema.

"Ulilinunua mwenyewe!"

"Zamani hiyo, mama Siwema. Tangu hapo nimeona vitambaa tu." Akajisogeza. "Zuri. Linanesa."

"Halinesi, umekaa kwenye ubao."

"Ubao unanesa."

Saa ya mchana ikafika. Somoe akawasha redio, kwa kuwa kutokuiwasha kusingeizuia. Akakaa kwenye kile kigoda cha mumewe, mikono mapajani. Baada ya tarumbeta, mtangazaji akasoma.

"Somoe binti Pazi ameondolewa kwenye wadhifa wake kwa kosa la kuingia na viatu kwenye mali ya taifa na kuikwaruza. Kuhusu taarifa kwamba viongozi waliteleza, serikali inapenda kufafanua kwamba hawakuteleza. Walikuwa wanakagua kiwanja kwa ukaribu. Aidha, kwa kuwa kiwanja hicho sasa kimekwisha kuharibika, kuanzia leo wananchi wanaruhusiwa kukichezea."

Somoe akangoja. Alingoja aanguke, au nyumba ianguke, au jirani apige kelele. Jirani alikuwa anakaanga samaki, akaendelea kukaanga. Kisha akapaza sauti juu ya ukuta:

"Mama Siwema! Nimekusikia! Una vitunguu?"

"Ninavyo!"

"Nirushie viwili!"

Somoe akamrushia viwili. Aliporudi, Kondo alikuwa ameanza kukoroma, mdomo wazi, vumbi la kochi likipanda na kushuka kwenye masharubu yake. Akafungua kabati, akachukua bilauri moja, akaifuta, akanywa maji. Yalikuwa maji yaleyale. Akaenda akajikunja upande wa miguuni kwa mumewe, kwenye kipande cha sponji kilichokuwa bado na uhai, akavuta kitambaa kimoja cha maua akajifunika magoti.

Kutoka kiwanjani, mbali, sauti ikaanza. Tok. Kimya. Tok, tok. Mtu akacheka, mwingine akasema "Umetoka nje!" na mwingine akajibu "Mstari uko wapi?" na tok-tok ikaendelea, watu wakikimbia juu ya mchanga na mikwaruzo, viatu vyote miguuni. Somoe akasikiliza ikiwa kuna kitu kinachovunjika. Akajisahau kusikiliza. Akalala.